Picha Juu ya Cherehani

Tarehe 12 Januari

Kifungo mdogo wangu,

Salamu zikufikie huko kwenye viyoyozi. Sisi tupo, tunasogea. Magoti ya Mama yamekataa ngazi kabisa, tumemhamishia chumba cha mbele, na tangu ahamie hapo hakuna mgeni anayepita bila kuhojiwa. Wifi yako bado anafagia madarasa pale shuleni. Watoto wanamsalimu shangazi yao. Mkubwa amempita mama yake kwa urefu, wa kati ameng'oka jino, na mdogo amerithi tabia zako: juzi tumemkuta na kifungo cha koti mdomoni. Nikamwambia, shangazi yako alimeza kimoja akiwa kama wewe, tukakingojea siku tatu, na jina halijamtoka mpaka leo.

Picha imefika. Nimeitundika juu ya cherehani, pale palipokuwa na kalenda. Ulivyosimama kwenye ngazi za hoteli na hilo gauni la kijani, maua kwenye vyungu huku na huku, nilisema jamani, kuna watu wanaishi. Kila mteja anauliza huyo ni nani, nami sijibu haraka. Namaliza mshono kwanza, halafu nasema, "Mdogo wangu. Msimamizi wa wafanyakazi, hoteli kubwa." Mama alipoonyeshwa alisema, "Mbona huyu mtoto amechoka?" Nikacheka sana. Macho ya wazee hayo, usiyatie maanani.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Nimechoka, Kifungo. Si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Miaka ishirini na sita nakanyaga cherehani ya Baba kwenye kibaraza hiki hiki, miguu inatembea kutwa nzima na mwenyewe sijafika popote. Ndani Mama anaita, nje mteja anadai sare ya mwanawe, katikati watoto wanagombania mkasi. Wewe una chumba chako na ufunguo wako, ukifunga mlango umefunga. Nikiinua macho nikaiona hiyo picha, roho inaniuma. Ni wivu, nisikufiche. Nimelitaja jina lake ili lisinisumbue zaidi.

Fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Mabega kwa sababu makoti yake yote yana mabega ya askari, anaitaka cherehani. Nimemwambia mwisho wa mwezi wa tano. Baba aliiacha akiwa na miaka hamsini, mimi nimebakiza miwili, sasa nangoja nini? Nitafutie kazi yoyote hapo kwako. Mlinzi, mfungua mlango, mtu wa kubeba mizigo ya wageni. Wifi yako na watoto watabaki na Mama mpaka nisimame sawasawa. Nipe neno lako.

Kaka yako,
Fundi


Tarehe 27 Februari

Shikamoo kaka,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilinikuta katikati ya msimu wa wageni, hapa hata kujikuna hujikuni. Mimi mzima. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie asikubali kukaa chumba cha mbele, upepo wa mlangoni utamwingia magotini. Wifi msalimu sana. Huyo mdogo mwenye vifungo mwambie shangazi yake alijuta.

Kuhusu ile habari yako, kaka, mambo hapa yamebana kidogo. Wanapunguza watu, hawaongezi. Na kazi ya mlangoni wanataka vijana warefu, nawe unajijua. Nitaendelea kuuliza. Ila usifanye haraka na cherehani. Kitu cha Baba kikishatoka kimetoka.

Unasema nyumba ina kelele. Mimi nilikuwa naisoma barua yako wakati wa mapumziko, nikafika pale Mama anaita na watoto wanagombania mkasi, nikairudia mara tatu. Basi tu.

Ninamtumia wifi zawadi, lile gauni la kijani la kwenye picha. Nimelichoka. Litakuwa kubwa kwake, utalipunguza wewe mwenyewe. Linakuja kwa mkono wa dereva wa basi kubwa, yule anayelala karibu na hoteli yetu kila akileta abiria. Ni mtu mwaminifu, ila anachelewa.

Mdogo wako


Tarehe 30 Machi

Kwako mdogo wangu,

Tumepokea salamu. Mama amekataa kuhama chumba cha mbele, anasema upepo umemzoea. Mkubwa amefaulu mtihani. Wa kati ameng'oka jino jingine. Hizo ndizo habari za nyumbani, sasa nisikilize.

Umenijibu kama karani wa dirishani. "Nitaendelea kuuliza." Uliza nani? Si wewe ndiye msimamizi? Miaka minne unatuandikia wafanyakazi wako wanavyokuogopa, leo nafasi moja ya kusimama mlangoni imekushinda, eti mimi mfupi! Unanizungusha mbuyu, Kifungo. Sema tu kwamba hutaki kuonekana na kaka mwenye vumbi la nyuzi. Nitaumia, lakini nitajua pa kusimama.

Usiku ule ulipoondoka, nani alikushonea koti la safari? Nilishona mpaka kunakucha. Sikukumbushi ili unilipe, nakukumbusha kwa sababu nimekasirika.

Gauni limefika jana. Wifi yako alilivaa juu ya nguo za kazi, akazungukazunguka ukumbini kama binti, Mama akapiga makofi. Ni kubwa kweli. Nitalifumua nikipata nafasi. Nilimtazama mke wangu ndani ya nguo yako nikaona aibu, kwamba mimi fundi, na gauni zuri kuliko yote aliyowahi kuvaa limetoka kwa mtu mwingine.

Mabega jibu lake ni lile lile. Mwisho wa mwezi wa tano atakuja na mkokoteni. Nitakuja huko hata bila ruhusa yako.

Usishangae herufi kubwa, karatasi hii ina mistari mipana.

Fundi


Tarehe 14 Aprili

Kaka, shikamoo,

Mimi mzima, Mungu anasaidia. Mama na watoto wote wabusu.

Umeniumiza, na mimi nitasema yangu, halafu ufanye unavyotaka. Unalalamika mtu anakuita! Kaka, unajua siku ngapi zinapita hapa bila mtu kunihitaji mimi, mimi kama mimi, si mikono yangu? Unalalamika huna mlango wa kufunga. Wewe hukufungiwa, ndiyo maana. Asubuhi mkeo anatoka anakuambia anarudi saa ngapi. Ukikohoa kuna mtu anauliza umekunywa maji. Una sahani yako, una kiti chako, una ugomvi wako na jirani yako Mabega, miaka yote hiyo. Mimi ningekupa hoteli nzima na ngazi zake kwa kile kiti chako cha kibarazani kilichovunjika mgongo.

Wivu si wako peke yako. Nilikuwa na wa kwangu tangu siku ya kwanza, ila sikuutaja jina kama wewe.

Usiuze. Siwezi kueleza zaidi. Usiuze na usije.

Herufi zako zilikuwa kubwa hata kwenye bahasha, kaka, na bahasha haina mistari.

Mdogo wako


Tarehe 9 Mei

Kifungo,

Salamu za hapa ni zile zile, sina nguvu ya kuzipamba. Mama hajambo. Watoto wapo shule. Kuna utulivu saa hizi, nami nimekaa na gauni lako mapajani.

Nililifumua Jumatatu. Unajua jinsi Baba alivyotufundisha: kabla hujakata nguo ya mtu, ipapase yote, nguo inakumbuka aliyeivaa. Nikaipapasa. Kifungo, bega la kulia limeshushwa kidole kizima na pedi yake imeongezwa kwa mkono. Mwenye gauni hili bega lake moja limeshuka. Mabega yako mimi nimeyapima tangu ukiwa na miaka sita, yako sawa. Nikaenda nyongani. Mshono umeachiwa mara mbili, miaka tofauti, uzi tofauti. Ni mwanamke mnene, mtu mzima, na amekuwa akinenepa polepole. Alilipenda gauni lake, maana asingelihangaikia hivyo. Ndani ya kola vidole vikakuta kitambaa kidogo kilichoshikizwa kwa nyuzi mbili. Nikamwita wifi yako, akanisomea: namba, kwa wino usiofutika. Hiyo ni alama ya dobi, hata mtoto anajua.

Na mgongoni, kuanzia shingoni hadi kiunoni, kuna alama saba za meno. Mbili mbili, zimekaa kwenye mstari. Nilizipapasa muda mrefu nisielewe, mpaka wifi yako alipotoka kwenda kuanika nguo. Vibanio. Siku ya picha ulilibana gauni la mtu mgongoni kwa vibanio vya kamba, ukasimama mbele ya maua, ukatabasamu.

Sikuandikii ili kukusuta. Hasira yangu yote imeisha, na sijui hata imekwenda wapi. Nimebaki na swali moja tu, nalo linanikosesha usingizi: mgongoni mtu hajifikii. Je, kuna mtu aliyekushikia hivyo vibanio, au ulivibana peke yako?

Niambie unafanya kazi gani. Lakini cherehani nitaiuza tu, si kwa ajili ya hoteli yako tena. Lazima niiuze. Usiniulize.

Kaka yako


Tarehe 22 Mei

Shikamoo kaka yangu,

Barua yako niliisomea stoo ya sabuni, nimekaa juu ya ndoo. Salamu kwa Mama, kwa wifi, kwa watoto. Leo nisamehe nisiwaulizie mmoja mmoja.

Nilivibana peke yangu. Kwanza unalivaa gauni kinyumenyume, mgongo ukiwa mbele, unabana vibanio, halafu unalizungusha mwilini taratibu usivute pumzi. Vile vya juu vilinichubua. Mpiga picha wa wageni alinipiga bure kwa sababu nilimfulia shati lake lililomwagikiwa. Ngazi zile sisi hatupandi, tuna mlango wetu nyuma, karibu na mapipa. Nilisimama pale dakika mbili.

Mimi ni dobi, kaka. Si msimamizi wa mtu yeyote. Nilianza na uongo mdogo tu, barua ya kwanza, kwa sababu ulinishonea lile koti usiku kucha na niliona aibu koti lile liishie chumba cha kufulia. Halafu uongo ukapanda cheo wenyewe kila mwaka. Tuko chini ya ardhi. Kuna pasi ya mashine, ndefu kama kitanda cha watu wawili, na joto lake halielezeki. Mashuka tunakunja wawili wawili. Mwenzangu anashika ncha zake, mimi zangu, tunasogeleana mpaka vidole vinagusana, anachukua, tunaachana, tunaanza lingine. Mia mbili kwa siku. Mikono yake naijua kuliko uso wake. Chumba ninacholala kina vitanda sita. Ule ufunguo unaouonea wivu ninao kweli, ni wa kabati la nguo, upana wake kama droo yako ya nyuzi.

Na mimi nilikuwa nimekalia wivu huku chini. Mashuka ya wageni yanasema kila kitu, nani amelala vizuri, nani amelia. Kila siku nilikuwa najitafutia maisha ya mtu wa kuvaa. Lile gauni lililetwa kufuliwa likasahauliwa mikononi mwangu, likakaa kwenye rafu ya vitu vilivyosahaulika miezi mitatu. Sheria ya hapa ni kwamba kitu kikimaliza miezi mitatu bila mwenyewe kukiulizia, aliyekiokota anapewa. Niliomba Mungu yule mama asikumbuke. Nilipopewa, halikunitosha. Nililia kama mtoto, mwanamke wa miaka arobaini.

Sasa zamu yako. Unaniambia nisikuulize, basi sikuulizi, nakuambia. Herufi kubwa kwenye bahasha. Namba ya dobi akakusomea wifi. Na gauni zima ukalisoma kwa vidole. Kaka, Baba alianza hivi hivi. Tulidhani ni mzaha alivyokuwa anaandika jina lake likajaza ukurasa. Alinyamaza mpaka akapofuka na hakuweza kuficha, na wewe umeyarithi, si macho tu, na kunyamaza pia. Ndiyo maana ulitaka kazi ya mlangoni, kazi isiyo na sindano. Na mimi nikakucheka ufupi.

Lakini nisikilize. Mwenzangu wa mashuka amenizidi umri. Leo nilimweleza habari zako, mara ya kwanza naongea naye mambo ya nyumbani, akaniambia: "Mimi pia nilidhani napofuka. Ni umri tu, nilivaa miwani yakaisha." Pengine ya Baba yalikuwa mengine. Hukwenda kupimwa, nakujua, unaogopa kuambiwa.

Kwenye ile rafu, kitu kinachosahauliwa kuliko vyote ni miwani. Watu wanasoma kitandani, wanalala, wanaondoka. Nimekwenda kwa kila mfagia vyumba kuomba miwani yake iliyopitisha miezi mitatu, na ili kuomba ikabidi niseme ni ya kaka yangu, fundi cherehani, na mimi ni dobi kama wao. Hakuna aliyeshangaa. Nimepata jozi saba. Zimo ndani ya soksi, moja kila soksi. Zijaribu zote.

Dereva ameahidi atakimbia. Nahesabu siku hapa. Kama Mabega amekuja kabla ya soksi hizi, sitajisamehe, kwa sababu nilipaswa kukuandikia haya mwezi wa pili.

Dobi wako,
Kifungo


Tarehe 20 Juni

Kifungo mdogo wangu, dobi wetu,

Tupo. Mama hajambo, anakusalimu na anakuuliza unapata usingizi. Mkubwa anataka kujifunza kushona, nimemwambia afikirie tena. Wa kati meno yanaota. Wifi yako yupo, na kuhusu yeye nitakuambia hapa chini.

Dereva wako hakukimbia. Mabega alifika kabla, siku ile ile tuliyoahidiana, asubuhi, na mkokoteni na kamba na magunia ya kufungia. Lakini usijilaumu peke yako, maana na mimi nilipaswa kusema kweli mwezi wa kwanza.

Sasa kuna jambo hukulijua. Mwaka mzima huu, wifi yako kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni amekuwa akinitungia uzi sindano ishirini. Nyeupe tano, nyeusi tano, nyingine kwa rangi za sare. Anazichomeka kwenye mto mdogo, anauweka karibu na mkono wangu. Mimi nilimdanganya kwamba inaniokolea muda. Hakuwahi kuuliza swali, nami nikadhani ameamini.

Basi asubuhi hiyo, anajua kabisa kwamba Mabega yuko njiani, nimemkuta ameinamia ile taa anatunga. Nikamwambia, "Mama watoto, unatunga ya nini? Cherehani inaondoka leo." Hakuinua kichwa. Akasema, "Cherehani ndiyo inayoondoka. Wewe unaondoka?" Akamaliza ya ishirini, akachukua ufagio wake, akatoka.

Nilikaa kwenye kile kiti changu kilichovunjika mgongo. Mabega akaanza kufunga kamba. Nikatazama ule mto wa sindano, sikuziona vizuri, niliona tu rangi zimekaa safu safu. Miezi mitano mimi nimekuwa nikitazama juu, kwenye picha yako, na kila asubuhi hiki kitu kiko hapa chini ya mkono wangu. Nikamwambia Mabega afungue kamba zake. Amenuna mpaka leo. Anapita na mkokoteni mtupu makusudi, nisikie magurudumu.

Wiki moja baadaye soksi zikafika. Tulikaa ukumbini familia nzima. Miwani ya kwanza sakafu ikapanda juu, nikashika ukuta, watoto wakaanguka kwa kicheko. Ya pili ni ya mtu kipofu kuliko mimi. Ya tatu haina jicho moja. Ya tano, Kifungo, ni ya kike. Nyekundu, ina vijiwe pembeni vinavyometameta. Nikaivaa kwa mzaha, nikashika gazeti, na maneno yakaja yakakaa sawa, hata yale madogo ya chini. Nilisoma tangazo la kupotea kwa mbuzi kwa sauti, mara mbili. Wifi yako alikuwa amesimama mlangoni na mkono mdomoni.

Nimekwenda kupimwa pia, miwani hii ilinipa moyo. Daktari alimulika, akachungulia, akasema macho mazima, ni umri. Mwaka mzima nimelala na kuamka na kaburi la Baba machoni, kumbe ni umri! Mabega ananiita Bibi sasa. Nimempa haki hiyo.

Na jambo la mwisho, hili ndilo lililonichelewesha kukuandikia. Siku ile niliporudi kibarazani na miwani, niliinua uso nikaiona picha yako. Nikaishusha ukutani, nikakaa nayo. Kifungo, umekonda. Chini ya macho kuna weusi, mdomo unacheka na uso wenyewe haucheki nao, na begani kichwa cha kibanio kimechungulia, kidogo tu, kama kidole kinachoniita. Miezi mitano nimeionea wivu picha ambayo sikuwahi kuiona. Mama aliiona siku ya kwanza, bila miwani, nami nikamcheka.

Nataka vipimo vyako, vya sasa. Kifua, kiuno, nyonga, urefu, mgongo. Wifi yako amesema gauni ni lako, hakuna mjadala.

Fundi


Tarehe 15 Julai

Shikamoo kaka,

Salamu kwa wote, na kwa Bibi mwenye miwani.

Huku bado ni joto lile lile na miguu inavimba jioni. Sitakudanganya tena kwamba mambo ni mazuri. Nimechoka, ila sasa nimechoka kama nilivyo, sibebi na yule msimamizi mgongoni. Nafuu yake ni kubwa.

Futi sina, nimetumia uzi wa kufungia marobota. Kila kipimo ni uzi wake, fundo mwanzo na fundo mwisho, na karatasi imesokotwa kuonyesha ni wapi. Mgongo sikujipima. Nilimwomba mwenzangu wa mashuka. Alinipima polepole, halafu akasema, "Una mgongo mzuri, kwa nini unatembea umeinama?" Jumapili tumekwenda kutembea, mimi na yeye, tumekaa kwenye benchi tukala mkate.

Jana mgeni mmoja ameacha kanzu ya hariri ya kulalia, nzuri ajabu. Nikaifua, nikaikunja, nikaiweka kwenye rafu. Nikamwombea mwenyewe aikumbuke.

Likizo yangu ni mwezi wa kumi na mbili. Siku kumi na nne. Nitakuja na basi, kwa mlango wa mbele.

Kifungo


Tarehe 30 Agosti

Kifungo,

Gauni limo humu. Nimelikata lote upya, bega nimelirudisha, namba ya dobi nimeitoa nikaichoma. Kwenye mishono ya ubavuni nimekuachia nguo ya akiba vidole viwili kila upande, kwa sababu Mama amesema ukija likizo utanenepa kwa lazima. Alama za meno za mgongoni zimekataa kutoka, nimezipitisha ndani ya mshono mmoja mrefu, hataziona mtu. Vaa bila kibanio, upige picha nyingine popote, hata kwenye mapipa. Ile ya zamani nimeirudisha ukutani kwanza. Naitazama vizuri sasa.

Mama hajambo. Ameanza kuhesabu miezi kwa vidole, akifika wa kumi na mbili anaanza upya. Watoto wamegawana kitanda utakacholala, na ugomvi wake umetoboa ukuta mpaka kwa jirani. Kazi ni nyingi, shule zinafunguliwa, sare zimenifika shingoni. Nimechoka kama kawaida. Sijui kama kuna siku nitaacha kuchoka.

Nina siri, usimwambie wifi yako. Leo, yeye akiwa bado anaoga, nilivaa ile miwani nyekundu nikachukua sindano na uzi mweupe, nikajaribu. Ikaingia mara ya kwanza, mwenyewe, kwenye tundu. Nikaishika kwenye mwanga. Mwaka mzima sijafanya hivyo, nikajisikia kijana.

Halafu nikasikia mlango wa bafuni. Nikauchomoa uzi haraka, nikairudisha sindano kwenye mto, nikavua miwani. Akaja, akakaa karibu yangu, akawasha taa, akaanza na nyeupe.

Kaka yako